ANDIKENI: KATIBU WA NYUMBA NI WEWE MWANAFUNZI

 



Muulize mwanafunzi yeyote wa madrasa, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-ani Tukufu ni ipi? Wengi watajibu bila kusita: ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Wanaohifadhi wanaijua zaidi, kwani imewatoa jasho. Katika Msahafu unaochapishwa Madina, aya hiyo peke yake imejaza ukurasa mzima wa 48. Sasa muulize swali la pili: inazungumzia nini? Hapo wengi watanyamaza. Haizungumzii sala, wala funga, wala hija. Inazungumzia deni, na amri iliyomo ni kwamba watu wakikopeshana mpaka muda maalumu, basi waandike.

Maoni yangu katika makala hii ni haya. Aya tumeihifadhi, lakini majumbani mwetu tumeacha kuifanyia kazi, na hasara yake inaonekana kila mtaa. Pesa zinapotea, ndugu wanakatana, na mkopo mwema usio na riba unazidi kuwa adimu. Na mtu anayeweza kuirudisha aya hii nyumbani si sheikh wala hakimu. Ni wewe mwanafunzi, kwa sababu wewe unajua kuandika.

AYA INATUAGIZA NINI?

Tuitazame kwa ufupi. Aya inawaagiza waumini mambo yafuatayo:

1. Deni la muda maalumu liandikwe.
2. Aliandike mwandishi kwa uadilifu, wala mwandishi asikatae, kwa kuwa elimu hiyo amefunzwa na Mwenyezi Mungu.
3. Anayetamka maneno ya kuandikwa awe yule mwenye kudaiwa, amche Mola wake, wala asipunguze kitu.
4. Ikiwa mdaiwa ni dhaifu au hawezi kutamka, basi msimamizi wake atamke kwa niaba yake kwa uadilifu.
5. Wawepo mashahidi, nao wakiitwa wasikatae.
6. Watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa, pamoja na muda wake.
7. Mwandishi na shahidi wasidhuriwe.

Biashara ya papo kwa papo, ya nipe nikupe, imeondolewa katika ulazima huo wa kuandika. Aya inayofuata, ya 283, inaongeza kwamba watu wakiwa safarini na hawana mwandishi, basi iwekwe rahani. Na wakiaminiana, aliyeaminiwa airudishe amana yake.

Kwa sababu ya aya hiyo ya 283, wanachuoni wengi wamesema kuandika deni si faradhi bali ni jambo lililosisitizwa. Basi hatusemi kwamba asiyeandika amefanya dhambi. Tunasema ameacha ngao mlangoni akaingia vitani kifua wazi.

Tazameni pia neno linalotumika kwa mwandishi katika aya hiyo: kaatib. Ndilo hilo hilo neno letu "katibu". Tumezoea kudhani katibu ni mtu wa ofisini au wa chama. Kumbe katibu wa kwanza anayehitajika ni wa nyumbani.

"KWANI HUNIAMINI?"

Hili ndilo neno linaloua kazi yote. Mtu anakopa laki mbili kwa mjomba wake. Mjomba akisema "tuandikishane", mpwa ananuna: "Kwani huniamini, mjomba? Sisi si damu moja?" Mjomba anaona haya, anatoa pesa kimya kimya. Baada ya miezi sita mjomba anasema alitoa laki mbili, na mpwa anakumbuka laki na nusu. Mjomba anasema ahadi ilikuwa mfungo sita, mpwa anasema walikubaliana "nikipata". Na yumkini hakuna aliyesema uongo. Binadamu husahau, na kila mmoja husahau upande unaompendeza.

Basi nani ameharibu udugu? Si karatasi. Kilichouharibu ni kukosekana kwa karatasi. Na tukumbuke kwamba amri ya kuandika waliambiwa walioamini, watu wanaosali safu moja. Aya haikusema waandikeni wasioaminika tu. Kwa hiyo anayekwambia "tuandike" hajakutukana. Amekuheshimu kama Mwenyezi Mungu alivyotaka waumini waheshimiane.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu hawakuandika na mambo yao yalikwenda. Kwanza, si kweli kwamba hawakuandika. Hapa pwani, katika karne ya 19, makatibu wa Zanzibar waliandika nyaraka za deni, za rahani na za mauzo ya mashamba kwa Kiarabu. Neno lenyewe "waraka" tumelipata huko. Pili, hata pale ambapo hawakuandika, mzee alimkopesha jirani barazani mbele ya watu, na mtaa mzima ukawa shahidi. Leo pesa inatoka kwenye simu usiku wa manane, inakwenda kwa mtu aliye Mwanza au Muscat, na shahidi pekee ni ujumbe mfupi ambao utapotea simu ikiangukia kisimani. Mashahidi wamepungua, basi kalamu iongezeke.

Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KARADHA IKIFA, RIBA HUINGIA

Hapa ndipo ninapoomba wazazi wanisikilize zaidi.

Katika Suratul Baqara, aya za 275 hadi 279 zimeiharamisha riba kwa onyo kali. Aya ya 280 inasema mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Baada ya aya moja tu ya kukumbusha Siku ya Marejeo, ndipo inapokuja aya ya kuandika. Mpangilio huo una mafunzo kwa mwenye kuzingatia. Ukimkataza mtu riba, lazima kuwe na mlango mwingine wa kukopa anapopatwa na shida. Mlango huo ni karadha, yaani mkopo usio na ziada. Na kinachoulinda mlango huo usifungwe ni maandishi.

Tazama inavyokuwa. Mtu mwenye uwezo kidogo anakopesha mara ya kwanza bila kuandika, halipwi. Anakopesha mara ya pili, analipwa nusu na lawama juu yake. Mara ya tatu anaapa: "Mimi sikopeshi tena mtu." Si kwamba amekuwa bakhili. Amechoka kudhulumiwa. Sasa mama jirani mwenye mtoto mgonjwa akija kugonga, anaukuta mlango umefungwa. Anakwenda wapi? Anakwenda kwenye mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Au anafungua simu na kukopa kwenye programu inayompa pesa kwa dakika mbili, kisha inamdai pamoja na ziada. Ziada iliyowekewa sharti juu ya mkopo ni riba, hata ikipewa jina zuri namna gani.

Na si riba peke yake. Baadhi ya programu hizo zilikuwa zikichukua majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, kisha akichelewa kulipa zinawatumia ujumbe wa kumfedhehesha wakwe zake, maalimu zake na majirani. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Kabla ya kuwalaumu waliokopa huko, tujiulize: je, sisi ndugu na majirani tuliwaachia mlango gani?

Basi daftari la nyumbani si jambo dogo la hesabu. Kila deni lililoandikwa na likalipwa kwa wakati wake linamfanya mkopeshaji awe tayari kumkopesha mwingine.

FUNDI, DUKA NA MCHEZO

Msidhani kuandika ni kwa mikopo mikubwa tu. Aya imetaja deni dogo kabla ya kubwa.

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya mavuno, mwaka mmoja au miwili mbele. Akawaelekeza kwamba mwenye kulipa kabla, na alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Hadithi hii ni katika Bukhari na Muslim. Sasa itieni katika maisha yetu. Wiki tatu kabla ya Idd mama anampa fundi cherehani shilingi 40,000 za kanzu mbili na gauni. Kipimo hakikuandikwa, kitambaa hakikuandikwa, siku haikuandikwa. Usiku wa kuamkia Idd fundi amezima simu. Lau pangekuwa na mistari minne katika karatasi, yenye saini ya fundi, mambo yangekuwa mengine. Ni hivyo hivyo kwa seremala wa milango na mfyatua matofali.

Dukani nako, wengi tunachukua unga na sukari kwa kukopa, na mwenye duka anaandika katika daftari lake. Je, wewe unaandika katika lako? Daftari likiwa moja tu, mwisho wa mwezi utalipa linavyosema. Andika hapo hapo unapochukua, na kila Ijumaa mfananishe. Kufanya hivyo kunamlinda hata mwenye duka asije akashukiwa.

Na mama zetu wa mchezo, yaani upatu: nani kapokea, nani kachangia, nani bado, na zamu ya nani inafuata. Mambo haya yasikae katika kichwa cha kijumbe peke yake. Kijumbe akiugua, mchezo wote unaugua.

Ama ile michezo inayoahidi pesa yako itazaa maradufu kwa kuleta wenzako tu, hiyo si upatu. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za DECI, iliyokuwa ikiwaambia watu "wapande mbegu" za pesa ili wavune zaidi. Wengi walibaki na stakabadhi mikononi na pesa hawakuziona. Hapo tujifunze kwamba karatasi hailindi kila kitu. Kabla ya kuuliza "imeandikwa?", uliza kwanza "faida hii inatoka katika biashara gani?" Ukikosa jibu, funga mfuko wako.

SIMU YA BIBI

Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Imetuletea kheri nyingi, na wezi nao wamekuja nayo. Mnaujua ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Anayeandika ujumbe huo hamjui bibi yako. Anawatumia watu wengi, akitarajia kumpata mmoja aliyekuwa kweli anataka kutuma pesa siku hiyo.

Katibu wa nyumba ashike mambo haya:

- Pesa isitumwe kwa namba mpya mpaka mwenyewe apigiwe kwa namba yake ya zamani na sauti yake isikike.
- Kabla ya kuthibitisha, lisomwe jina linalotokea kwenye simu. Likiwa geni, acha.
- Akipiga mtu kusema "nimekosea kukutumia, nirudishie", kwanza litazamwe salio, si ujumbe. Ikiwa pesa imeingia kweli, airudishe kwa kupitia kampuni ya simu, si wewe kwa mkono wako.
- Namba ya utapeli itumwe kwenda 15040, bila ya malipo. Na kwa kupiga *106# mtu huweza kuona ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.
- Kila muamala mkubwa unakiliwa daftarini: tarehe, kiasi, jina, na namba ya muamala.

Sasa nizungumze nawe mjukuu. Bibi haoni vizuri, kwa hiyo unamsomea ujumbe na pengine unaijua namba yake ya siri. Kumbuka ile sehemu ya aya inayomtaja msimamizi wa mtu dhaifu, kwamba atamke kwa uadilifu. Wewe ndiye huyo. Ukikata 2,000 ya vocha bila ya kumwambia, usiseme "ni bibi yangu tu". Hiyo ni khiyana ya amana. Kila siku atakayokuona umeshika simu yake, awe na amani. Na akiweza kubonyeza mwenyewe, mfundishe abonyeze mwenyewe, nawe utazame pembeni.

DENI HALIFI NA MTU

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba lililetwa jeneza, Mtume (S.A.W.) akauliza kama maiti ana deni. Alipoambiwa analo, aliwaambia Sahaba wamsalie mwenzao, yeye akajizuia, mpaka Abu Qatada (R.A.) aliposema kwamba deni lile liko juu yake. Ndipo akamsalia. Baadaye Mwenyezi Mungu alipowafungulia Waislamu kheri, Mtume alikuwa akiyabeba mwenyewe madeni ya wanaokufa bila ya kuacha cha kulipia.

Sasa, katika misiba yetu huwa tunasikia tangazo: "Mwenye kumdai marehemu awaone warithi." Ni tangazo jema. Lakini warithi watajuaje nani mkweli? Mirathi haigawiwi mpaka deni na wasia vitolewe kwanza. Mzee asipoandika, huwaachia watoto wake mambo mawili mabaya: ama walipe deni la uongo, ama wakatae deni la kweli na baba yao abaki nalo.

Liko deni moja ambalo waume wengi hawalihesabu kabisa, nalo ni mahari yaliyobakishwa. Mahari aliyoahidiwa mke akapewa nusu, nusu iliyobaki ni deni katika dhima ya mume, kama deni la dukani. Akifa, mke huyo anadai mahari yake kwanza, kisha ndipo achukue fungu lake la mirathi. Wangapi kati ya mama zetu wana maandishi ya hilo? Na imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Siku mbili, si mpaka uzeeni.

NAMNA YA KUANDIKA

Nunua daftari moja la kurasa 96. Lisiwe la skuli wala la watoto kuchorea. Kwa kila deni andika hivi:

"Leo tarehe ......, mimi ...... nimepokea kwa ...... shilingi 150,000 (laki moja na nusu) kwa njia ya karadha. Nitalipa shilingi ...... kila ......, mpaka tarehe ....... Saini ya mdaiwa ....... Saini ya mkopeshaji ....... Mashahidi: 1 ....... 2 ......."

Andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kwani sufuri moja huongezwa kwa urahisi. Atamke mdaiwa, kama aya ilivyoelekeza. Kila mmoja abaki na nakala. Likilipwa fungu, andika siku hiyo hiyo. Likisamehewa, andika "limesamehewa" na utie saini, ili wanao wasije wakalidai baada yako. Na wewe katibu, uliyoyaandika ni siri. Usitoke nayo kibarazani.

KUANDIKA SI UKALI

Namalizia kwa kuondoa dhana moja. Wengine wanadhani mwenye kuandika ni mtu wa kubana na kupeleka watu mahakamani. La. Aya ya kumpa muda mwenye dhiki na aya ya kuandika zimo katika sura moja, karibu karibu. Mwenye daftari ndiye awezaye kuona kwamba fulani amelipa mafungu matano kwa uaminifu na la sita limemshinda, akampa miezi mitatu zaidi kwa moyo mweupe. Asiye na daftari hukumbuka tu kwamba "yule ananidai maneno mengi wala halipi".

Na wewe unayekopa, dawa ya deni ni kulipa. Usisubiri kukumbushwa. Ukishindwa, mwendee mwenzio kabla ya siku kufika, useme.

Wazazi, mmelipa ada na kununua misahafu ili watoto hawa wajue kusoma na kuandika. Wapeni kazi. Mwiteni mtoto wenu wa darasa la sita mnapokopa na mnapokopesha, akae, aandike, ashuhudie. Atajifunza hesabu, atajifunza uadilifu, na atajua nyumba inaishi kwa shida gani.

Na wewe mwanafunzi, aya imekwisha kukuambia usikatae. Leo ukirudi nyumbani, muulize mama au bibi swali moja tu: "Nani unamdai, na nani anakudai?" Kisha fungua ukurasa wa kwanza.

Tunamuomba Allah (S.W.) atukidhie madeni yetu, atuepushe na riba na khiyana, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosoma na kuyafanyia kazi waliyoyasoma. Amin.